Bwana Meno, Aliyeahidi Gari la Mkwewe Halitakaa Juu ya Mawe

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, sogeeni karibu, walio kwenye ngazi waingie, walioegemea magari huko nje wayaache yajisimamie, wenye simu wazinyamazishe na wenye watoto wawapakate, maana huyu tunayemsomea leo alikuwa mtu wa kusikiliza, alikuwa akisikiliza chuma kinavyolia mpaka akajua kinaumwa wapi, na sisi tukishindwa kumsikiliza yeye kwa muda huu mfupi tutakuwa tumemwangusha. Familia imeomba historia hii isomwe polepole, na atakayetaka kucheka acheke, mwenyewe hakuwa mtu wa kununa.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi tarehe 9 Agosti 1951, alfajiri, katika chumba cha pili cha nyumba ya vyumba sita iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyechochea moto kiwandani humo na mama aliyefua nguo za watu, na mama huyo ndiye aliyemfunza kuhesabu bila kujua kwamba anafunza, kwa sababu kila mtoto alipolia alimpa shati la mteja ahesabu vifungo, wenzake wakafika vitatu na kulala, yeye akamaliza vifungo, akahesabu na matundu, kisha akamwambia mama yake kwamba matundu yamezidi, na kweli kifungo kimoja kilikuwa kimepotea. Alihesabu ngazi, alihesabu misumari ya mlango, mpaka mama akawa anasema, "Huyu baba, siku moja atahesabu nzi na kunidai mmoja."

Alianza shule ya msingi ya jirani na stesheni mwezi Januari 1959 na kumaliza Desemba 1965, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na mwalimu wake wa hesabu alimwandikia kwenye ripoti kwamba wenzake wanakimbilia jibu na yeye anataka kwanza kuhakikisha swali. Akaingia shule ya ufundi kwa miaka miwili, 1966 na 1967, kisha kiwanda cha sabuni kikamwajiri kuhesabu katoni zinazotoka, kazi aliyoifanya miaka sita bila kupoteza hata katoni moja, na angeweza kuendelea nayo mpaka uzee, ila alisema sabuni haina la kumwambia mtu.

Siku ya Jumatatu tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika duka la spea za magari lililokuwa kwenye kona mkabala na kituo cha mafuta, kwa majaribio ya miezi sita, chini ya mzee wa stoo, mtu mfupi mwenye penseli masikioni kote kuwili, ambaye siku ya kwanza alimtembeza kwenye rafu na kumfundisha kwamba vyuma navyo vina dume na jike, chuma chenye meno kwa nje ni dume, chenye tundu la kupokea meno hayo ni jike, na ukimpa mteja madume mawili umempa ugomvi tu.

Somo hilo ndilo lililomponza. Siku ya Jumatatu tarehe 2 Septemba 1974 aliingia dukani msichana wa miaka ishirini ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, binti wa dereva aliyesambaza mikate ya tanuri kubwa kwa gari lake mwenyewe la zamani, lile la mgongo mrefu, na gari hilo lilikuwa limevunjika ekseli, ile shafti inayozungusha gurudumu la nyuma, na kukaa juu ya mawe uani. Kwa kuwa hakujua kuandika, binti alikuwa ameukariri ujumbe wa baba yake ndani ya basi kituo kwa kituo, akimwudhi abiria wa pembeni, na alipofika kaunta akautoa wote kwa pumzi moja, kwamba baba anataka shafti ya nyuma, ya kuume. Baba yake alikuwa wa watu wa zamani, kwao mkono wa kulia ni mkono wa kuume, lakini kijana wetu, kichwa kimejaa madume na majike, akaandika kitabuni shafti ya nyuma ya kiume, akapiga mstari chini yake ili waagizwao wasikosee.

Shafti ilikuja kwa treni baada ya wiki tano, siku ya Jumatano tarehe 9 Oktoba, na haikuwa shafti ya gurudumu hata kidogo, ilikuwa kipande cha nyuma cha shafti ndefu ipitayo chini ya tumbo la gari, lile dume lenyewe, jipya, lina grisi, halifai. Binti aliibeba begani mpaka nyumbani, baba akaitoa kwenye gunia, akaiona, akairudisha ndani ya gunia, na siku ya Ijumaa binti akairudisha begani vilevile, akailaza juu ya kaunta, akasema, "Nilikwambia kuume," kijana akasema ndiyo dada, kiume, si hii hapa, akasema kuume, akasema kiume, mzee wa stoo akaweka kikombe chake chini ili asikie vizuri, ndipo binti akauinua mkono wake wa kulia na kuupiga juu ya kaunta, akasema, "Huu. Huu ninaolia chakula ndio mkono wa kuume. Au nikuletee na wa kushoto ulinganishe?"

Haikuwa jambo la kucheka siku ile, ingawa wenyewe walilicheka miaka arobaini na minane, kwa sababu baba wa binti alikuwa anapeleka mikate kwa baiskeli ya kukopa, robo ya mikate inafika imebonyea, na bwana wa tanuri alikuwa amesema kwamba Jumatatu ya tarehe 4 Novemba gari lisipokuwa barabarani kazi atapewa mwingine. Mzee wa stoo hakumfukuza karani wake, alimwambia tu, "Ulimsahihisha mteja kabla hujamsikiliza, sasa nenda ukaitafute mwenyewe, kwa miguu yako, na usinirudie na kitu kinachofanana nayo," maana kuagiza tena kungechukua wiki tano nyingine.

Basi akaenda kwa baba wa binti, akaomba vile vipande viwili vya shafti iliyovunjika, akavifunga pamoja kwa waya mpaka vikawa urefu wake wa awali, akahesabu meno ya kichwa chake, yakawa kumi na sita, akapima na kuona kwamba ya kuume inaizidi ya kushoto kwa vidole vinne, na kuanzia Jumatatu tarehe 14 Oktoba akazunguka na chuma hicho kwapani katika kila uwanja wa magari mabovu uliofikika kwa basi, akilala chini ya magari ya watu, akihesabu. Wauzaji walimpa zenye meno kumi na nane, walimpa za kushoto, mmoja akamwambia kwamba ya kushoto ukiigeuza inakuwa ya kulia, na yeye akamwomba ageuze kiatu chake cha kushoto aone kama kitaingia mguu wa kulia, wakaachana kwa amani.

Siku ya Jumatatu tarehe 28 Oktoba aliliona gari la aina ileile kwenye ua wa mama mmoja mjane, halina vioo, limegeuzwa banda la kuku, na shafti ya kuume imelala chini yake nzima kama ilivyotoka kiwandani. Mama yule hakuwa na neno na chuma, neno lake lilikuwa kuku, akamwambia, "Mwanangu, humo kuna matetea watatu wanaatamia, ukiliinua hilo gari kwa jeki watasusa mayai, subiri wakiangua nitakuita." Kijana akauliza wataangua lini, akaambiwa waulize wenyewe. Akakaa pale siku nne, kila asubuhi anarudi, akapasua kuni, akarekebisha bawaba za geti, akahesabu mayai mara nyingi kuliko kuku wenyewe, na wa mwisho alipoangua siku ya Ijumaa tarehe 1 Novemba, vifaranga ishirini na sita, akaingia chini na kuitoa. Jumamosi tarehe 2 ikafungwa, Jumatatu tarehe 4 mikate ikafika madukani ikiwa na sura yake, na bwana wa tanuri akamwachia kazi yake.

Kumbe kila Jumapili alikuwa akirudi nyumbani kwa binti eti kuhakikisha vipimo, na safari hizo hazikuwa za vipimo tu, dada zake binti waliliona hilo mapema, wakawa wanauliza mbona shafti moja inapimwa kila Jumapili na haikui. Alipokwenda kuposa, mwezi Februari 1975, mkwewe alimkalisha kwenye benchi la nyuma ya nyumba, akamtazama, akamwambia kwamba yeye hataki makubwa, binti ana akili zake na amekwisha sema ndiyo, anataka neno moja tu, kwamba maadamu yeye mkwe yuko hai, gari lake halitakaa tena juu ya mawe kwa kukosa spea. Kijana wa miaka ishirini na mitatu akaona ni jambo jepesi, gari lenyewe lilikuwa na miaka kumi na mitano, mzee ana arobaini na minane, akasema, "Naahidi, baba," wakapeana mkono, na wala hakuna aliyemwambia kwamba kwa akina mkwewe watu hawana haraka ya kufa.

Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 26 Julai 1975, na maharusi walibebwa kwa gari hilohilo, likinukia mikate. Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, kifungua mimba wao binti aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1976, ambaye leo ni fundi wa magari na wengi wenu mnamfahamu kwa mikono yake, wa pili mvulana aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1979, ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba mvulana aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1984, mshona viatu, na hao wamemletea wajukuu saba.

Mwaka 1983, tarehe 1 Machi, alifungua duka lake mwenyewe, mlango mmoja na rafu nne, na juu ya kaunta hapakuwa na bango ila desturi yake, kwamba hakuuza kipande chochote cha giaboksi, cha klachi au cha difu mpaka umlete mzee wake, yaani kile kilichokufa, mpaka uonyeshe umesimama wapi unaposema kulia, nyuma ya usukani au mbele ya taa, na mpaka meno yahesabiwe kwa sauti, chaki ikiwa juu ya jino la kwanza ili usilirudie, yeye anahesabu na wewe unahesabu, mkipishana mnaanza upya. Wateja wenye haraka walimsonya na kwenda mtaa wa pili, kesho yake wakarudi na kitu kisichoingia. Huko ndiko alikopata jina la Bwana Meno, na lilishika kiasi kwamba mwaka 1987 aliingia mama mmoja ameshika shavu, akafungua kinywa, na marehemu kwa adabu akamwambia, "Mama, langu ni la chuma, lakini kaa kwanza upate maji," kisha akamsindikiza mwenyewe mpaka kwa daktari.

Rafu ya nne, ile ya juu, haikuuzwa kitu chake, iliitwa rafu ya mkwe, na humo aliweka kila kilicholifaa gari lile, kwani viwandani lilikuwa limeshaachwa kutengenezwa na kila mwaka vipande vilizidi kuadimika. Diski ya klachi ilitoka kwenye gari la shule moja iliyofungwa, gia ya pili ilitoka kwenye giaboksi ambayo mkulima mmoja aliitumia kuendeshea pampu ya maji, na marehemu hakuichukua mpaka alipompatia mkulima huyo nyingine ya kuendeshea pampu. Mwaka 1992 gari lilisimama siku kumi na saba kwa beringi za gurudumu, likiwa juu ya jeki, mkwewe akaja dukani na fimbo kudai kwamba ahadi imevunjwa, marehemu akajibu, "Baba, tulisema mawe, jeki si mawe," wakabishana mpaka chai ikaisha, wakamwita mzee wa stoo aliyekwisha staafu aamue, naye akaamua kwamba jeki si mawe ila asizoee.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2009, gari lilipoanza kuimba kwa nyuma, wimbo wa difu, meno yamelika. Ndani ya difu mna gia mbili zinazokwenda pamoja, pinioni ndogo yenye meno tisa na gia kubwa ya duara yenye meno arobaini na moja, na hizi kiwanda huzisaga pamoja, hivyo marehemu alikuwa akiwaambia mafundi kwamba hao ni mke na mume, huwezi kumchukua mume wa huku ukamwoza mke wa kule, watazozana mpaka nyumba inuke moshi. Aliletewa pea ya arobaini na tatu kwa kumi, muuzaji akasema ni karibu sawa, akajibiwa, "Karibu sawa mpelekee mkweo, wangu anajua kuhesabu." Mwaka 2014 alipata habari ya pea kamili, akasafiri siku nzima, akakuta imo ndani ya gari zima linalotembea, la mume na mke wazee wanaolitumia kuchotea maji, nao walikuwa tayari kuuza, yeye akakagua, akasikiliza, akanywa maji yao, akawabadilishia oili na kurudi mikono mitupu, na mkewe alipomuuliza akasema, "Ningelichukua, la kwao lingekaa juu ya mawe. Niliahidi la mzee lisikae, sikuahidi kuwakalisha wengine." Gari likaendelea kuimba, yeye akilitia oili nzito, analinyamazisha nusu.

Mwezi Februari 2021 miguu yake ilianza kuvimba, na tarehe 2 Machi madaktari wakatuambia kwamba figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, kazi aliyoipokea bila manung'uniko, alimsifu hata muuguzi kwamba mashine yake inazunguka bila kelele. Duka aliliacha mikononi mwa binti yake mkubwa, lakini jambo moja lilimnyima raha, nalo ni kwamba mkwewe alikuwa amefikisha miaka tisini na minne, mzima, anaomba kutembezwa kwa gari lake kila wiki, na difu ile ilikuwa imebakiza kidogo. Hakuogopa kufa, mkewe alimuuliza akasema haogopi, alichoogopa ni kuondoka kwanza akiwa ameacha gari la watu liko juu ya mawe.

Binti yake akaanza kutafuta kwa simu, picha zinakuja kutoka miji ambayo marehemu hakuwahi kufika, yeye amelala, macho yamefifia, anaomba muuzaji ahesabu meno kwa sauti. Wengi walikata simu. Mwezi Februari 2023 mmoja akakubali, akahesabu akafika arobaini, akasema samahani mzee ni arobaini, marehemu akamwambia, "Rudia, baba, baada ya ishirini na sita ulipiga chafya," akarudia, yakawa arobaini na moja, na pinioni tisa, na alama za kiwanda kwenye zote mbili zilikuwa moja. Pea iliwasili Jumatatu tarehe 6 Machi, ikawekwa juu ya kifua chake kwenye taulo, akaipitisha vidole jino kwa jino huku mkewe akihesabu pamoja naye, na walipofika mwisho sawasawa, bila kupishana, akasema hakuna haja ya kuanza upya.

Jumamosi tarehe 18 Machi binti yake, aliyeifunga kwa mikono yake, alilipitisha gari chini ya dirisha la chumba alicholala, akaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akaingia ndani, na marehemu akamuuliza mbona hamjaliwasha. Alipoambiwa kwamba limepita mara mbili alicheka mpaka akakohoa, akaomba lipite la tatu, tukafungua dirisha, tukanyamaza wote, hatukusikia kitu ila mkwewe kwenye kiti cha mbele anamwambia mtu apishe njia. Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 23 Machi 2023, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja na miezi saba, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, ambao walimvumilia akiwauliza idadi ya mizunguko, inawashukuru majirani waliobeba viti na maji, mafundi wa mtaa wote waliofunga gereji zao leo bila kuombwa, na muuzaji wa mji wa mbali ambaye amepiga simu kutoa pole na kusema kwamba sasa anahesabu kwa chaki.

Kuhusu alivyoviacha, mwenyewe alivigawa kwa kinywa chake, mkewe anabaki na nyumba na kila kilichomo, kitinda mimba amepewa meza ya kazi na jiliwa lake la kubania vyuma, mwalimu amepewa vitabu vya namba za spea, vyote ishirini na viwili, na duka pamoja na rafu ya mkwe ni vya binti mkubwa. Limebaki neno moja, ile ahadi, ambalo marehemu hakuligawa, kwa kuwa mkwewe, mwenye miaka tisini na sita, ndiye aliyekaa pale mbele na kofia mapajani, na amekuja hapa leo kwa gari hilo. Jana mbele ya familia mzee alisema kwamba kijana wake ametimiza, deni la maneno limekwisha, gari sasa likichoka lichoke. Binti mkubwa akamjibu, "Babu, uliahidiwa maadamu uko hai, na mimi nakuona uko hai," akampa mkono, mzee akaupokea, kisha akamwambia kwamba njiani amesikia kitu kinagonga gurudumu la kushoto, na binti akasema amekisikia, Jumatatu alilete.

Pumzika basi, Bwana Meno, kwa amani, zamu yako imekwisha na gari linatembea.